Kinanda Hakipo Nyumbani: Mwanafunzi wa Muziki Afanyeje?

Amri ya uhamisho humpa askari siku chache za kujitayarisha. Magodoro hufungwa kamba, sufuria hutiwa guniani, watoto huombewa nafasi katika shule mpya, na familia hupanda gari kutoka Gitega kupitia Karuzi hadi Muyinga. Katika hekaheka hiyo yapo mambo yasahauliwayo, na mojawapo ni mtoto aliyekwisha kuanza kujifunza kinanda katika chumba cha kwaya, ambaye sasa anakiacha nyuma chombo chenyewe pamoja na mwalimu wake. Baada ya miezi sita vidole vimesahau, na mzazi husema kwamba mtoto hakuwa na kipaji. Hiyo si hukumu ya haki. Kipaji hakikudondoka njiani. Kilichokosekana ni namna ya kuendelea mpaka kinanda kingine kipatikane.

Tena shida hii haiwapati wanaohamishwa peke yao. Piano yenyewe, yenye nyundo na nyuzi za chuma, ni chombo kizito na cha gharama, nacho hakimo katika nyumba za kawaida za Gitega wala za Muyinga. Kilichopo ni kinanda cha umeme cha kanisa au cha shule, kinachofungiwa kabatini kwa sababu za haki kabisa, maana kikiharibika hakuna kingine. Basi na ichukuliwe kwaya yenye wanafunzi kumi wa kinanda na saa mbili za mazoezi kila Jumamosi. Kila mmoja hupata dakika 12 kwa wiki, na hizo ni dakika za siku ambayo umeme haukukatika. Kwa dakika 12 hakuna ajifunzaye kitu, kama mazoezi ni yale tu yanayofanywa kinanda kikiwa mbele ya macho.

Ndiyo maana yafaa kuuliza muziki hukaa wapi hasa. Kiswahili cha zamani kiliita kinanda hata ala za nyuzi zinazopigwa kwa vidole, na neno hilo lilihamia kwenye chombo cha Wazungu bila taabu, kwa kuwa nacho kina nyuzi ndani yake. Mwitalia Bartolomeo Cristofori, aliyeunda piano za kwanza huko Firenze yapata mwaka 1700, alichofanya ni kuzipa nyuzi hizo nyundo ndogo ili mpigaji aweze kupiga kwa nguvu au kwa upole apendavyo. Piano ya leo ina vibonye 88, vyeupe 52 na vyeusi 36. Lakini vibonye hivyo vyote havijui lolote. Ajuaye ni mtu, na elimu hiyo huijenga kichwani na sikioni kabla haijashuka vidoleni.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1995 mganga wa mishipa ya fahamu Alvaro Pascual-Leone na wenzake walitangaza matokeo ya jaribio walilowafanyia watu wasiojua kupiga piano. Kundi moja lilifanya zoezi la vidole vitano kwa mkono mmoja, saa mbili kila siku kwa siku tano. Kundi jingine lilikaa mbele ya piano muda ule ule bila kuigusa, likawaza tu mwendo wa kila kidole. Mwisho wa siku tano, waliowaza tu walikuwa wamefikia kiwango cha waliopiga kwa siku tatu; na walipopewa saa mbili za kupiga kweli, karibu wakawafikia wenzao. Ubongo wao ulikuwa umebadilika katika sehemu ile ile inayoendesha vidole. Habari hii haina maana kwamba kinanda hakihitajiki. Ina maana kwamba Jumatatu hadi Ijumaa si siku zilizokufa.

UBAO WA MAZOEZI

Chombo cha kwanza cha kuzitumia siku hizo hugharimu mabaki ya mbao na saa chache za alasiri. Utafutwe ubao laini wenye urefu wa sentimita 36 na upana wa sentimita 16, upigwe msasa mpaka usiwe na vibanzi. Kibonye cheupe cha piano kina upana wa milimita 23 na nusu hivi na urefu wa sentimita 15. Ubao huu unatosha vibonye vyeupe 15, yaani oktava mbili kamili kutoka do hadi do. Mchoraji asipime kibonye kimoja na kuongeza kingine, kwani kosa dogo la kila mstari litajumlishwa mpaka mwisho. Apime yote kutoka ukingo mmoja. Vibonye saba ni sentimita 16 na nusu, na kumi na vinne ni sentimita 33.

Kisha vije vyeusi. Hivi vichongwe kwa vipande vya mbao vyenye urefu wa sentimita tisa na nusu, upana wa sentimita moja na kimo cha sentimita moja, vigandishwe kwa gundi juu ya mistari. Vinahitajika kumi. Mpangilio wake ni viwili, halafu nafasi, halafu vitatu, halafu nafasi, kisha viwili na vitatu tena. Kibonye cheupe kilicho kushoto mwa vile viwili ndicho do. Wapo wachorao vyeusi kwa wino tu juu ya karatasi ngumu. Ni afadhali kuliko kukosa, ila kidole hakijifunzi kupanda na kushuka, na mtoto akikutana na kinanda chenyewe hujikwaa. Baba au kaka mwenye msumeno asione haya kufanya kazi hii. Si kiti cha kuchezea wanasesere.

Mbele ya ubao huo mwanafunzi akae kitini, miguu yote ikigusa chini, viwiko vikilingana na ubao, mabega yakiwa yamelegea, na vidole vikiwa vimepinda kana kwamba vimeshika chungwa. Vidole huhesabiwa toka dole gumba, ambalo ni la kwanza, hadi kidole cha mwisho, ambacho ni cha tano. Hesabu ni hiyo hiyo kwa mikono yote miwili. Ngazi ya do kwa mkono wa kulia huanza na gumba juu ya do, cha pili juu ya re, cha tatu juu ya mi. Hapo gumba hupita chini ya kiganja kwenda fa, kisha vya pili, vya tatu, vya nne na vya tano huchukua sol, la, si na do. Mkono wa kushoto ukipanda huanza na cha tano, hushuka mpaka gumba, ndipo cha tatu kivuke juu yake. Kuvuka huku kwa gumba ndiko kunakowashinda wengi, na si jambo linalohitaji sauti ya kinanda ili lijifunzwe.

Sharti moja tu lisivunjwe: kila kidole kinapobonyeza, koo liimbe noti ile. Ubao ni bubu, kwa hiyo mwanafunzi ndiye awe sauti yake. Asiyeimba anafanya mazoezi ya kugonga mbao.

Warundi wana ala inayofanya kinyume chake. Mpigaji wa inanga, ala ya mti uliochongwa kama karai refu na kutandazwa nyuzi, aghalabu haimbi kwa sauti ya wazi, hunong'ona. Mnong'ono hauna noti ya juu wala ya chini, lakini nyuzi huleta tuni inayokwenda sambamba na maneno, na sikio la msikilizaji huviunganisha viwili hivyo mpaka likadhani mtu anaimba. Mfano wa uimbaji huo ulirekodiwa na Michel Vuylsteke mwaka 1967 na kutolewa katika sahani ya santuri ya Ocora huko Ufaransa mwaka 1968, ile ile iliyobeba pia milio ya ngoma ambazo mwimbaji Joni Mitchell wa Kanada alizitia katika wimbo wake mmoja wa mwaka 1975. Mwenye inanga hutumia nyuzi badala ya koo. Mwenye ubao hutumia koo badala ya nyuzi. Kazi inayofanywa na sikio ni ile ile.

Na mwenye kutafuta mwalimu wa kutenganisha mikono miwili asiende mbali. Kilomita chache kutoka mjini Gitega, kilimani Gishora, ngoma za kifalme bado hupigwa, na mwaka 2014 UNESCO iliingiza ngoma hizo za Burundi katika orodha ya urithi wa wanadamu. Katika kundi la ngoma, amashakwe hushika mapigo yasiyobadilika. Ibishikizo hufuata mwendo unaoongozwa na ngoma ya kati, inkiranya. Basi mkono wa kushoto wa mpiga kinanda uwe amashakwe, na wa kulia uwe ibishikizo. Mtoto agonge meza kwa kushoto mapigo manne sawasawa, na kwa kulia agonge mwendo wa wimbo aujuao. Atavurugika siku tatu za kwanza. Siku ya nne mkono wa kushoto utajiendea wenyewe. Amri iliyotolewa mwaka 2017 iliwakataza wanawake kupiga ngoma hizo za jadi, lakini meza ya jikoni haimo katika amri hiyo, na binti ana haki ya mapigo kama kaka yake.

DO YA GITEGA NA DO YA NGARA

Mtoto afikapo Muyinga hukutana na jambo ambalo Gitega halikumsumbua. Mpaka wa Kobero uko karibu, na ng'ambo yake ni Ngara, Tanzania. Nyimbo za Kiswahili huvuka mpaka huo pamoja na karatasi zake, na karatasi nyingi za kwaya za Tanzania zimeandikwa kwa herufi: d, r, m, f, s, l, t. Mwanafunzi aliyefundishwa kwa njia ya Kifaransa huitazama d, akaweka kidole juu ya do, akaendelea hivyo mpaka kwaya nzima inamgeukia kwa mshangao. Mwalimu mpya hudhani mtoto hajui kusoma. Mtoto naye huona amedanganywa na mwalimu wa zamani. Wote wawili wanajua. Lugha zao ndizo tofauti.

Asili ya majina ni moja. Mtawa Guido wa Arezzo, aliyeishi karne ya kumi na moja, aliyatoa majina ya noti katika silabi za mwanzo za mistari ya wimbo wa Kilatini wa Yohane Mbatizaji. Ut ya kwanza baadaye ilibadilishwa kuwa do. Wafaransa na Wabelgiji waliyafunga majina hayo kwenye vibonye: do ni kibonye kile kile daima. Waingereza walishika njia nyingine. Mwalimu Sarah Glover wa mji wa Norwich, na baada yake mchungaji John Curwen katika karne ya kumi na tisa, waliifanya do kuwa jina la noti ya nyumbani ya wimbo wowote, popote unapoanzia. Si ikageuzwa kuwa ti, ili kila noti iwe na herufi yake na isigongane na sol. Wamisionari waliieneza njia hiyo Afrika Mashariki kwa sababu ya maana sana: herufi hupigwa chapa kwa mashine yoyote, na huandikwa kwa chaki ubaoni bila mistari mitano.

Ufunguo wa kuvuka kutoka njia moja hadi nyingine uko juu ya karatasi, penye maandishi kama Do ni F au Do ni G. F ya Waingereza ni fa ya Gitega; G ni sol. Kwa hiyo wimbo wenye Do ni F, ukianza kwa d, m, s, mpiga kinanda wa Gitega apige fa, la, do. Ukiwa na Do ni G, apige sol, si, re. Mwanafunzi aandike majina saba ya Kiingereza, C, D, E, F, G, A, B, chini ya do, re, mi, fa, sol, la, si katika jalada la daftari lake, na shida hii itamalizika katika mazoezi machache. Kwa mwimbaji njia ya herufi ni rahisi zaidi, kwa kuwa humfundisha umbali kati ya noti na noti. Kwa mpiga kinanda njia ya vibonye ndiyo ya haraka. Mwalimu anayeidharau mojawapo anawanyima wanafunzi wake nusu ya nyimbo zilizomo kabatini.

Kuhusu saa za mazoezi, dakika 20 kila siku hushinda saa mbili za siku moja. Mahali pagumu pasipitwe mbio. Mistari miwili ichukuliwe, mkono mmoja kwanza, kwa mwendo wa polepole kiasi kwamba kosa haliwezekani. Kosa linalorudiwa mara kumi limekwisha kuwa mazoea, na kuling'oa ni kazi kuliko kujifunza wimbo mpya. Wapo walimu waanzao na mistari ya mwisho ya wimbo na kurudi nyuma, na njia yao ina busara, maana mwanafunzi huwa anakwenda kuelekea sehemu anayoijua badala ya kuikimbia. Kitabu cha Mfaransa Charles-Louis Hanon cha mwaka 1873, chenye mazoezi 60 ya vidole, kingali kinatumika duniani kote. Kwa mtoto, ukurasa mmoja watosha, na kifundo cha mkono kikiuma mazoezi yakome siku hiyo. Robert Schumann wa Ujerumani alitaka kuwa mpigaji mkubwa wa piano, lakini akingali kijana kidole cha mkono wake wa kulia kililemaa, na wengi huamini alijilemaza mwenyewe kwa kukishurutisha. Akabaki kutunga muziki uliopigwa na wengine.

SAUTI YA MTOTO

Mwanafunzi wa kuimba ana bahati ya kutembea na chombo chake, na ana hatari ya kukivunja bila kujua. Mwaka 1854 mwalimu wa kuimba Mhispania, Manuel García, alitia kioo kidogo kooni mwake, akaakisi nuru ya jua kwa kioo cha pili, akaona nyuzi zake mwenyewe za sauti zikifunguka na kufumba. Nyuzi hizo kwa mtu mzima hazifiki urefu wa sentimita tatu. Mwimbaji anapoishika la ile inayotumika kulinganishia ala, hugongana mara 440 katika sekunde moja. Basi mwalimu wa kwaya asemaye pazeni sauti, pazeni tena, afikirie idadi hiyo kabla hajasema mara ya tatu. Wimbo mmoja wa dakika nne huwagonganisha maelfu kwa maelfu ya mara, na zikigongana kwa ukali huota vinundu.

Nguvu hutoka chini. Mtoto alale chali mkekani na kitabu juu ya tumbo. Akivuta pumzi kitabu kipande, na mabega yasisogee. Kisha atoe pumzi kwa sauti ya s ndefu, nyembamba na sawa, huku mwenziwe akihesabu. Leo kumi, wiki ijayo kumi na tano. Zoezi hili lisifanyiwe jikoni penye moshi wa kuni, na maji ya kunywa yawe karibu. Ni hayo hayo kwa mtoto wa madrasa ya Muyinga anayetayarisha kasida za Maulidi. Koo halibagui dini.

Mvulana wa miaka 12 hadi 15 hivi sauti yake huvunjika, na huo ndio wakati ambao kwaya huwapoteza wavulana wengi kwa aibu. Asifukuzwe wala asilazimishwe kubaki soprano. Aimbe kwa upole noti chache za katikati, na ahamie kwenye alto au teno kadiri sauti inavyoshuka. Ama sauti iliyokauka zaidi ya wiki tatu, kwa mtoto au kwa mkubwa, ni ya kupelekwa kwa daktari.

Kuimba sauti mbili ndilo somo gumu, kwa sababu mmoja huvutwa na mwenziwe. Bibi wa Kirundi hulifundisha bila daftari. Katika akazehe, salamu ya kuimbwa ya wanawake, wawili hushikana na kuimbiana. Mmoja huanzisha na mwingine hupokea, sauti zikiingia katika mianya ya mwenzake bila kupotezana. Hiyo nayo imo katika santuri ya mwaka 1968. Mama akiijua, na awaimbie mabinti zake jioni. Kwa sikio ni zoezi bora kuliko mengi yaliyochapwa.

Familia itakayojaliwa kununua kinanda itazame mambo matatu tu. Vibonye viwe vya upana wa kawaida, milimita 23 na nusu, na visipungue 61. Vile vyembamba vya watoto huharibu vipimo vya mkono. Kibonye kikigongwa kwa upole kilie kwa upole. Na kiwe kinakubali betri, kwa ajili ya saa ambazo umeme haupo. Midundo mia mbili ya dansi iliyomo ndani yake haiongezi thamani hata kidogo.

Siku ya kuhama, ubao wa mazoezi uingie katika magodoro, usikae juu ya gari palipo na jua na mvua, maana mbao hupinda. Pamoja nao liende daftari. Mwalimu wa Gitega aandike humo nyimbo ambazo mtoto amezimaliza, ile aliyokuwa akijifunza na mstari aliofikia, vidole vya kila ngazi, sauti yake katika kwaya, na kama alisoma kwa njia ya vibonye au ya herufi. Ukurasa mmoja watosha. Mwalimu wa Muyinga aufungue mtoto akiwa mbele yake, ampe noti ya kuanzia, na amwambie aimbe mstari huo kabla ya kukitoa kinanda kabatini.